Nembo, Ukili na Kinyago: Misingi ya Sanaa ya Kuona katika Pwani ya Cabo Delgado

Utangulizi

Sisi tunaofundisha Kiswahili tumezoea kuuchambua ushairi kwa istilahi zake. Twasema vina, mizani, vipande na kituo, na mwanafunzi akiulizwa kwa nini shairi fulani limekaa sawa, anazo zana za kujibia. Lakini mwanafunzi huyohuyo akiwekewa mbele yake mkeka, kinyago au mlango wa nakshi, akaulizwa swali lilelile, hujibu kwa neno moja tu: "Kinapendeza." Akizidi kuulizwa kinapendeza kwa sababu gani, hunyamaza.

Hatusemi haya kwa kuwacheka wanafunzi. Tuliwahi wenyewe kuandika ubaoni orodha ya misingi ya sanaa, ambayo tulikuwa tumeinakili kutoka katika kitabu cha kigeni na kuifasiri neno kwa neno. Darasa zima likainakili nalo. Tulipomaliza, mwanafunzi mmoja aliyetoka pwani ya Palma alituuliza kama huko kwao kuna sanaa. Tukamwuliza bibi yake hufanya kazi gani. Akajibu, "Bibi hafanyi kazi, Mwalimu. Anasuka mikeka tu."

Neno hilo "tu" ndilo lililotusukuma kuandika makala haya. Kusudi letu ni kuonyesha kwamba misingi inayofundishwa vitabuni kama elimu ngeni imekuwamo mikononi mwa watu wetu tangu zamani, na kwamba historia ya pwani hii haiwezi kuelezwa barabara bila kuitaja. Tutachukua mfano wa kaskazini ya Cabo Delgado nchini Msumbiji, kuanzia Mto Ruvuma hadi visiwa vya Kirimba, na tutaishia katika kijiji cha Quitunda. Huko lugha za Kimakwe, Kimwani, Kimakonde na Kiswahili hukutana sokoni na majumbani, na pamoja nazo hukutana kazi za mikono za wenyeji wake.

Viungo na kanuni

Kwanza na tuelewane juu ya maneno. Waalimu wa sanaa huyagawa mambo haya mafungu mawili. Fungu la kwanza ni vitu ambavyo msanii huvitumia: nukta, mstari, umbo, rangi, mwanga na kivuli, mguso wa uso wa kitu, na nafasi. Fungu la pili ni namna ya kuvipanga vitu hivyo: mizani, uwiano, mkazo, urudiaji, mwendo, tofauti na umoja. Sisi tunapendelea kuliita fungu la kwanza viungo vya sanaa, na la pili kanuni za upangaji. Mpishi anazo nazi, chumvi, bizari na pilipili. Hivyo ni viungo. Kujua kiasi gani kitiwe, na wakati gani, hiyo ni kanuni. Viungo vyaweza kuwa vilevile katika vyungu viwili, na mchuzi mmoja ukalika na mwingine ukamwagwa.

Orodha hizi zilivyo leo madarasani zina historia fupi. Mwaka 1899 mwalimu Mmarekani Arthur Wesley Dow alichapisha kitabu cha kufundishia upangaji wa picha kwa mstari, rangi, na uhusiano wa weusi na weupe. Mwaka 1919 Walter Gropius alianzisha shule ya Bauhaus huko Weimar, Ujerumani, na mmoja wa waalimu wake, Wassily Kandinsky, alitoa mwaka 1926 kitabu kinachoanza na nukta, kikaenda kwenye mstari, kikaishia kwenye uso wa bapa. Kutoka kwa watu wa namna hiyo mafundisho haya yalienea shuleni duniani kote.

Lakini mabwana hao hawakuibuni misingi yenyewe. Waliipa majina na mpango. Tukumbuke habari ya Khalil bin Ahmad, mwanachuoni wa Basra wa karne ya 8, aliyezipanga bahari za ushairi wa Kiarabu. Washairi walikuwa wakitunga kabla yake, wala hapana aliyengoja Khalil azaliwe ndipo aimbe. Ndivyo ilivyo katika sanaa ya kuona. Mwenye kutaja na mwenye kutenda si lazima wawe mtu mmoja.

Mstari: habari ya nembo

Neno "nembo" katika Kiswahili cha leo hutukumbusha muhuri wa serikali au alama ya chama. Maana yake ya zamani ni chale za mapambo zilizochanjwa mwilini, na Wamakonde wanalo neno hilohilo, ambalo kwa wingi husema dinembo. Mtaalamu wa kazi hiyo alichanja ngozi kwa kisu kidogo, kisha akasugua makaa katika jeraha, na jeraha lilipopona ulibaki mstari mweusi uliotuna kidogo. Wanaume na wanawake walichanjwa usoni na kifuani, na wanawake mgongoni na tumboni pia.

Tukiitazama kazi hiyo kwa jicho la mwalimu wa sanaa, tunaona kwamba kiungo chake kikuu ni mstari. Upo mstari ulionyooka, upo uliovunjika kama meno ya msumeno, na ipo mistari miwili iliyokutana ikafanya umbo la almasi. Mstari uliotuna unaonekana kwa macho na kuhisiwa kwa kidole, kwa hiyo kiungo cha pili, yaani mguso, kimo ndani ya kile cha kwanza. Aidha, mchanjaji hakuwa na karatasi ya bapa. Alifuata mfupa wa shavu na mwinuko wa paji la uso, na alichokifanya kuume mwa pua alikifanya kushotoni. Hiyo ndiyo mizani ya pande sawa. Wanawake wengi walivaa pia ndonya katika mdomo wa juu, nayo ikawa mahali pa mkazo, jicho la mtazamaji likianzia hapo kabla ya kutembea usoni kote.

Desturi hii ilififia katika nusu ya pili ya karne ya 20, na leo nembo huonekana zaidi nyusoni mwa wazee na katika vinyago. Hatuiombolezi, kwa kuwa maumivu yake hayakuwa haba. Tunasema tu kwamba aliyechanjwa alibeba mwilini mwake somo zima la mstari.

Rangi: nguo za Kirimba

Tuteremke sasa pwani. Wareno walipofika katika bahari hii mwishoni mwa karne ya 15 na mwanzoni mwa karne ya 16, walivikuta visiwa vya Kirimba vikikaliwa na Waislamu waliokuwa wakifanya biashara na miji mingine ya Waswahili. Wareno waliviita visiwa hivyo Maluane, na jina hilo likawa pia jina la nguo zilizofumwa huko, zilizosifika na kutafutwa na wafanyabiashara. Nguo hizo zilitiwa rangi ya nili, yaani buluu iliyokolea inayotokana na majani ya mnili. Padri João dos Santos, aliyeishi Kirimba katika miaka ya 1590 na ambaye kitabu chake kilichapishwa Évora mwaka 1609, ni mmoja wa walioandika habari za visiwa hivyo.

Rangi si jambo la kupaka tu. Nili hutaka majani yavundikwe majini, na kitambaa kichovywe na kuanikwa mara kwa mara hadi buluu ikolee. Fundi aliyejua kuzihesabu mara hizo aliweza kupata buluu ya mbingu ya asubuhi, buluu ya bahari kuu, au buluu inayokaribia weusi. Huo ni ujuzi wa mwanga na kivuli ndani ya rangi moja. Biashara ya nguo za kigeni na misukosuko ya karne zilizofuata iliudhoofisha ufumaji huo, na ujuzi huo wa visiwani haukuendelea tena kama zamani.

Hata hivyo, jicho la rangi halikufa. Wanawake wa pwani hii wangali wakisaga juu ya jiwe kijiti cha mti uitwao musiro, wakachanganya na maji, wakajipaka usoni uji mweupe ulio laini. Weupe huo juu ya ngozi nyeusi, chini ya kilemba chenye rangi kali, ni somo la tofauti ambalo halihitaji ubao wala chaki.

Urudiaji: habari ya ukili

Sasa tumrudie bibi wa mwanafunzi wetu, ambaye "anasuka mikeka tu." Msusi huanza na majani ya mkindu. Huyachana kuwa miyaa myembamba, mingine huiacha na weupe wake, mingine huichemsha pamoja na rangi, kisha huianika. Hapo ndipo asukapo ukili, yaani utepe mrefu mwembamba unaoweza kufika pima nyingi. Baadaye hukata ukili huo na kushona vipande ubavu kwa ubavu mpaka mkeka utimie.

Fikirini ugumu wa kazi hiyo. Msusi hauoni mkeka wake wakati anapousuka. Anaona ukili tu, wenye upana wa vidole vichache. Lakini ua la ukili mmoja linapaswa kukutana na ua la mwenzake siku ya kushona, la sivyo mkeka utakuwa na kengeza. Kwa hiyo hana budi kuhesabu: miyaa miwili juu, miwili chini, mmoja mwekundu upite, mmoja mweupe ujifiche. Akikosea hesabu leo, kosa litaonekana mwezi ujao. Mshairi naye huhesabu silabi za mshororo mmoja huku akiibeba akilini sura ya ubeti mzima. Tunapomwambia mwanafunzi kwamba mizani ya shairi na hesabu ya ukili ni ndugu, hatumpambii maneno. Tunampa njia ya kuelewa kimoja kwa kingine.

Katika mkeka kanuni ya urudiaji huonekana waziwazi, na pamoja nayo kanuni ya umoja. Ua moja likirudiwa mara mia bila kupumzika huchosha jicho. Ndiyo maana msusi stadi huacha ukili mweupe mtupu kati ya zile zenye maua. Weupe huo ni nafasi, na nafasi ni kiungo kama rangi ilivyo. Asiyejua kunyamaza hajui kusema.

Umbo na nafasi: kinyago na mpingo

Kinyago cha kale cha Wamakonde wa Msumbiji huitwa lipiko, na wingi wake ni mapiko. Huchongwa kwa mti mwepesi, kwa sababu mchezaji hukivika kichwani kizima na kucheza nacho katika sherehe za jando. Mara nyingi hutiwa nywele za kweli, na nembo zake hufanywa kwa nta ya nyuki iliyobandikwa juu ya mti. Mchezaji huona kupitia mdomo wa kinyago, kwa hiyo uso wa kinyago huinuka juu kidogo na kuonekana mkubwa kuliko mwili unaoubeba. Hapa uwiano haukufuata vipimo vya maumbile, ulifuata kazi. Mchongaji alijua kwamba kinyago hakitawekwa rafuni, bali kitatokea ghafula uwanjani mbele ya watu wenye hofu na shangwe.

Historia ya karne ya 20 iliufanya uchongaji uchukue njia nyingine. Utawala wa Wareno uliifikia nyanda ya juu ya Mueda kwa kuchelewa, lakini ulipofika ulileta kodi na kazi za kulazimishwa. Wamakonde wengi walivuka Ruvuma kwenda kufanya kazi katika mashamba ya mkonge ya Tanganyika, nao walichukua tezo zao. Waliobaki waliyaona mauaji ya Mueda ya tarehe 16 Juni 1960. Vita vya ukombozi vilianza tarehe 25 Septemba 1964, vikamalizika kwa uhuru wa tarehe 25 Juni 1975.

Huko Dar es Salaam na viungani mwake wachongaji hao waliushika mpingo. Mti huu ni mgumu na mzito hata huzama majini. Kiini chake ni cheusi na ganda lake la ndani ni la rangi ya manjano hafifu. Katika miaka ya 1950 mchongaji Samaki Likankoa, akiungwa mkono na mfanyabiashara Mohamed Peera, aliuanzisha mtindo unaoitwa shetani. Humo viungo vya mwili hupinda, hutobolewa na kunyumbuliwa, na tundu lililo katikati ya gogo huwa na uzito sawa na mti uliobaki. Kwa mtindo huo nafasi iliacha kuwa pengo, ikawa umbo. Na ijapokuwa upande mmoja haufanani na mwingine, sanamu haianguki wala jicho halisumbuki: hiyo ni mizani ya pande zisizofanana.

Mtindo wa pili ni ule ambao baadaye uliitwa ujamaa, na unanasibishwa na Roberto Yakobo Sangwani, naye mtu wa Msumbiji. Inasimuliwa kwamba mwanzo uliitwa dimongo, maana yake nguvu, na ulionyesha mshindi wa mieleka aliyebebwa na wenziwe. Kisha watu wakazidi kuongezeka katika gogo moja, wazee, watoto na akina mama, kila mmoja akimshikilia mwingine. Baada ya Azimio la Arusha la mwaka 1967 jina la ujamaa likauvaa mtindo huo kana kwamba lilikuwa likiungoja. Ukimwondoa mtu mmoja katika sanamu hiyo, waliobaki hawana pa kushika. Hatujui mfano bora zaidi wa kanuni ya umoja.

Thamani ya kazi hizi inajulikana hata kwa wezi. Mwaka 1984 lipiko moja liliibwa katika Makumbusho ya Taifa jijini Dar es Salaam. Likaonekana baadaye katika jumba la makumbusho la Barbier-Mueller huko Geneva, Uswisi, lililokuwa limelinunua, na likarudishwa Tanzania mwaka 2010. Kitu kikiibwa, kuna tumaini la kukirudisha. Ujuzi ukipotea, hapana mlango wa kuubisha.

Quitunda: somo la nafasi

Maneno hayo yanatufikisha Quitunda. Baada ya gesi asilia kugunduliwa mwaka 2010 chini ya bahari ya Cabo Delgado, rasi ya Afungi katika wilaya ya Palma ilitengwa kwa ajili ya mitambo. Wakazi wa vijiji vilivyokuwa hapo, kikiwamo Quitupo, walijengewa kijiji kipya, Quitunda, na familia za kwanza zilihamia mwaka 2019. Wakati huo mkoa ulikwisha ingia katika vita vilivyoanza Mocímboa da Praia tarehe 5 Oktoba 2017. Mji wa Palma uliposhambuliwa tarehe 24 Machi 2021, maelfu ya watu walikimbilia Quitunda, na kijiji kilichojengewa waliohamishwa kikawa pia makimbilio ya waliofukuzwa.

Tulipopata kutembea huko tuliziona nyumba za matofali na mabati zilizojengwa kwa ramani moja, safu kwa safu, njia zikiwa zimenyooka kama mistari ya daftari. Hatuzidharau. Ni imara kuliko fito na udongo, na wengi waliozipata wanaujua ubora huo. Lakini kwa kanuni tulizozieleza, urudiaji upo na tofauti haipo. Mstari upo na mkazo haupo. Katika vijiji vya zamani nyumba zilipangwa kwa kufuata ukoo, kivuli cha mwembe na njia ya kuelekea baharini. Mpangilio ule ulikuwa nao ni usanii, ijapokuwa haukuchorwa na mtu. Sasa bahari iko mbali na wavuvi, na mikindu waliyoizoea wasusi imebaki nyuma.

Tulimkuta bibi mmoja amekaa barazani akisuka. Tulimwamkia, akaitikia, akatukaribisha. Tulipomwuliza habari za ukindu alitujibu, "Mwanangu, mkono unakumbuka, ila majani hayapo." Kisha akatuonyesha alichokuwa akikisuka. Ulikuwa ukili wa nyuzi za magunia ya plastiki ya mchele, zilizochanwa na kunyooshwa, nyeupe, kijani na nyekundu. Ua lilikuwa lile la kale. Kando yake alikaa mjukuu wake wa kike, akimfuata kwa midomo: mbili juu, mbili chini, nyekundu ipite, nyeupe ijifiche.

Hapo ndipo tulipoielewa orodha tuliyoiandika ubaoni miaka iliyopita. Viungo vilikuwa vimebadilika, kwa kuwa majani yalikuwa plastiki na rangi ilikuwa ya kiwandani. Kanuni ilikuwa imesimama palepale. Lakini ilisimama kwa sababu mtoto alikuwapo akihesabu. Bila mtoto huyo, ua lile lingekuwa na umri wa bibi mmoja tu.

Hitimisho

Ndugu waalimu, wajibu wetu si kuwageuza wanafunzi wote wawe wachongaji na wasusi. Wajibu wetu ni kuwapa maneno. Tunapendekeza mambo matatu yaliyo katika uwezo wa shule yoyote. Kwanza, somo la misingi ya sanaa lianze na kitu kilicholetwa na mwanafunzi kutoka nyumbani, na orodha ya ubaoni ije baadaye. Pili, wanafunzi wakusanye kwa wazee majina ya maua ya mikeka, ya zana na ya hatua za kazi, kwa Kiswahili na kwa lugha za nyumbani, na yaandikwe yalivyotamkwa. Tatu, mwanafunzi atakayesema "kinapendeza" asiachwe hapo. Aulizwe: mstari wake unakwenda wapi? Jicho linaanzia wapi? Kimerudiwa nini, na kimenyamaziwa nini?

Yule mwanafunzi wetu wa Palma hatujui leo yuko wapi; vita vimewatawanya wengi. Kama makala haya yatamfikia, tunamwomba radhi kwa jibu tulilochelewa kumpa. Bibi yako alikuwa akifanya kazi, na kazi hiyo ilikuwa sanaa.